Muti wenye ulifichwa nyuma ya rido: zambi ni ya nani?

Kwa kawaida katika kitabu hiki kidogo tunaandika juu ya mambo yenye kila mutu anapenda kusikia: ndoa, majina ya watoto, kilio, mavuno. Safari hii tunaandika juu ya bangi. Tunajua kama wengine watataka kupita kurasa hizi mbiombio. Tunawaomba wangoje kidogo. Hatutaki kusifu wavutaji, wala hatufundishe mutu kuvunja sheria ya inchi. Tuko na deni, na deni hilo njo linatusukuma kuandika.

Mwaka 2022, muzee mumoja wa chama chetu alikufa hapa Bukavu. Alikuwa mwalimu kwa miaka zaidi ya makumi tatu, na wengi wenye leo wanavaa karavati katika ofisi mbalimbali walijifunzia kwake kushika kalamu. Kansa ya prostati ilimushika, kiisha ikaingia katika mifupa. Siku ya tatu ya kilio, tulipokuwa tunatoa kitanda katika chumba chake ili wageni wapate pa kulala, mumoja wetu alisukuma rido ya dirisha. Nyuma ya rido kulikuwa bidoni ya mafuta ya kupikia, ya litre tano, yenye kukatwa juu. Ndani yake mulikuwa udongo mweusi, muzuri kabisa, na muti mumoja wa bangi wenye kufika kwenye magoti. Chini ya bidoni kulikuwa sahani ya kupokea maji. Udongo ulikuwa umechanganywa na mavi ya sungura na majivu, sawa vile mukulima mwenye akili anafanya. Muzee alikuwa ameufunga muti ku kijiti kwa kipande cha kitambaa, juu usivunjike.

Tulikuwa wanne. Hatukusemezana sana. Usiku, wakati kwaya ilikuwa inaimba ku lupango, tuliupeleka muti nyuma ya jikoni tukauchoma. Muti mubichi hauungue vizuri. Ilitupasa kuongeza petroli. Bidoni tuliisafisha na kuirudisha jikoni. Hakuna mwenye aliambiwa kitu, isipokuwa mama mwenye nyumba, na huyo alijua mbele yetu. Tulijisemea kama tumelinda jina la muzee.

Miaka miwili ikapita. Mutoto wake wa kwanza anaishi Kanada, katika muji wa Ottawa. Kule alikuwa anafanya kazi ya kubeba mizigo katika depo, mugongo ukaharibika, na maumivu hayamuachi kulala. Mwaka 2024 alitutumia picha katika simu. Ilikuwa picha ya kabati ya kitambaa, metre moja kwa metre moja, yenye ndani yake kungaa sawa karatasi ya shokola. Juu kulikuwa taa, pembeni feni kidogo, na chini miti inne ya bangi katika vyungu. Akaandika: «Baba wadogo zangu, munganga anajua, na sheria ya hapa inaruhusu. Hakuna kemikali hata tone moja. Natumia mbolea ya minyoo na maganda ya mboga, ni bio kabisa.» Alieleza kama taa inawaka masaa 18 muti ukiwa mudogo, kiisha masaa 12 akitaka utoe maua, sababu maua ya muti wa kike njo yenye kuwa na dawa. Mwishoni aliuliza: «Baba angekuwa angali muzima, angecheka ao angekasirika?»

Hakujua kitu juu ya bidoni. Tulisoma ujumbe ule sisi wote wanne, na hakuna mwenye alikuwa na kinywa.

Masaa 12, tuliyafikiri sana. Siku yetu hapa Bukavu, karibu na ikweta, iko karibu masaa 12 mwaka mzima. Basi kijana huyu analipa umeme ili apate siku ya kwao ndani ya kabati. Na baba yake, mwenye alikuwa na jua la bure ku mulango, aliuficha muti usionwe na jua. Mumoja anafungia muti ndani sababu ya baridi, mwengine sababu ya haya. Lakini miti yote miwili inakua ndani ya chumba, mbali na macho ya watu. Njo maana tunauliza: je, dawa yenye inakomazwa katika siri inaendelea kuwa dawa? Na kama kuna zambi, iko kwa nani?

Tuanze na yale yenye desturi inatufundisha. Wengi wetu tulikua katika lupango zenye mubirizi. Kila mama alijua majani yake machungu, ya tumbo na ya homa. Karibu yake kulikuwa muravumba, na baadaye sitroneli ikaingia. Miti hiyo haikufungiwa. Ilisimama ku mupaka wa lupango, na jirani alipita asubuhi akasema: «Mama, naomba mubirizi, mutoto hakulala.» Katika maneno hayo mafupi mambo mingi yalifanyika. Mama mwenye muti alijua sasa kama kuna mugonjwa kwa jirani. Aliuliza mutoto ana miezi mingapi. Alisema usitie mingi. Kesho yake alipita kuona. Dawa haikuwa majani tu. Dawa ilikuwa pia zile hatua za miguu kati ya nyumba mbili.

Wazee wengine walitupinga tulipowasomea maneno haya. Walisema: «Munadanganya watu. Waganga wetu walikuwa na siri zao. Hakuna muganga mwenye anataja miti yake yote.» Ni kweli, hatuwezi kukana. Lakini tuangalie siri hiyo ilikuwa ya namna gani. Muganga alificha muchanganyiko wake; hakujificha yeye mwenyewe. Kijiji chote kilijua nyumba yake. Kama mugonjwa alipona, watu walijua ni nani wa kushukuru, na kama mutoto alikufa, walijua ni mulango gani wa kupiga hodi. Kwa hiyo, hata mahali penye dawa ilifichwa, mwenye kujibu juu ya dawa hakufichwa. Tunafikiri hapa njo penye mizizi ya mambo yote.

Juu ya bangi yenyewe, watu wanasema kwa urahisi kama ni kitu cha mabandi na cha askari. Historia ya inchi yetu haiseme hivyo tu. Jina «bangi» lilitoka India, likapita pwani na njia za misafara. Kule Kasai watu wanasema «diamba», na jina hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa mpaka Brazil. Mwaka 1881, Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, walifika kwa chefu Kalamba Mukenge, katika inchi ya Waluluwa. Walikuta chama cha watu wenye kujiita Bena Diamba, yaani watu wa diamba, sawa ndugu wa nyumba moja. Walikuwa wamechoma dawa zao za zamani za uchawi. Walivuta pamoja kwa kibuyu kikubwa, mbele ya macho ya wote, katika kiota, ndiyo uwanja wa kijiji. Walisalimiana kwa neno «moyo», maana yake uzima, na ndugu zetu wa Kasai wangali wanasalimiana hivyo. Mwenye kufanya kosa alilazimishwa kuvuta hazarani mpaka aanguke.

Hatuseme ilikuwa paradiso. Watu wa Kalamba waligawanyika sababu ya desturi ile mupya, na wageni wenye waliandika habari hizo walikuwa na haja ya Kalamba kwa safari zao, basi tusisome kila neno lao kama Injili. Tena muti wenye uliitwa wa amani ulikuwa pia fimbo. Lakini jambo moja linaonekana wazi: muti haukuwa bila sheria. Ulikuwa na mahali pake, saa yake na wenye kuusimamia. Nyuma yake ulikuja utawala wa Wabelgiji, ukaukataza. Toka hapo muti ukakimbilia gizani, na watu wa gizani wakaupokea. Leo tunauona mikononi mwao, na tunasema ulizaliwa huko.

Sheria nazo, tuseme kweli, zinatuchanganya kichwa. Kijana wetu anaishi kando ya mutoni. Upande wake, Ottawa, iko jimbo la Ontario, na tangu tarehe 17 Oktoba 2018 kila nyumba inaweza kupanda miti inne. Akivuka daraja kwa miguu anaingia Gatineau, jimbo la Quebec, na kule kupanda hata muti mumoja nyumbani kunakatazwa. Mahakama ya juu kabisa ya Kanada ilikubali katazo hilo mwaka 2023. Ni inchi moja, muti ni ule ule, na mugongo unauma sawasawa pande zote mbili. Tusicheke, sababu sisi pia tuko na mutoni wetu. Ngambo ya Ruzizi, tangu mwaka 2021 kampuni yenye kibali inaweza kulima bangi ya dawa ili kuuza inje, kumbe raia mwenye kushikwa nayo katika mufuko anaenda gerezani. Huku kwetu sheria inaikataza. Kule Afrika ya Kusini, mahakama ya katiba ilisema tarehe 18 Septemba 2018 kama mutu mukubwa anaweza kupanda kwake kwa matumizi yake mwenyewe. Na Umoja wa Mataifa, wenye mwaka 1961 uliandika bangi katika orodha ya vitu vibaya kuliko vyote, uliitoa katika orodha hiyo ya ukali tarehe 2 Desemba 2020, kwa kura 27 juu ya 25. Inabaki chini ya ulinzi, lakini wakubwa wenyewe walikubali kama ndani yake iko faida ya dawa. Mutu mwenye anategemea sheria peke yake ili ajue zambi iko wapi, atakuwa mutakatifu huku ku daraja na mwenye zambi kule.

Mwengine atasema: basi tuulize wanganga. Tuliuliza. Dawa moja yenye kutolewa katika muti huo ilikubaliwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye kifafa cha namna fulani kikali sana. Inasaidia wengine wenye kutapika sababu ya dawa za kansa. Kwa maumivu ya siku mingi inasaidia wamoja, na kidogo tu. Hawa wengine haiwasaidie. Kijana mwenye kuivuta mingi anaweza kuharibu akili yake, na moshi ni moshi, mapafu hayaulize umetoka ku muti gani. Tena neno «bio» lisitudanganye. Mavi ya sungura na minyoo ni vizuri kwa udongo, lakini hayaseme kipimo ni ngapi. Mubirizi pia ni bio, na mama wa lupango alisema usitie mingi. Ndani ya kabati yenye kufungwa, kama hewa haipite vizuri, maua yanashika kuvu, na mugonjwa mwenye mwili zaifu akivuta kuvu hiyo inaweza kumuua mbele ya ugonjwa wake. Katika shamba, jirani angesema: «Ee, muti wako umeoza.» Katika kabati hakuna jirani.

Ni hapo njo tulianza kuona makosa yetu wenyewe. Tulikuwa tunauliza kama muzee alifanya vizuri kupanda. Mama mwenye nyumba, tulipomuendea na picha ya mutoto wake, hakuiangalia hata dakika moja. Alituambia: «Mashemeji, mulipokuja kumuona, mulimuletea sukari na maombi, na nawashukuru. Lakini nani kati yenu aliuliza kama analala?» Kiisha akatueleza. Ku kituo cha afya walimupa vidonge vya kawaida vya kichwa. Aliomba kitu chenye nguvu, wakamwambia hakipatikane. Usiku aliuma kitambaa ili watoto wa nyumba wasisikie. Mutu mumoja wa soko alimupa mbegu. Alipanda nyuma ya rido, alichemsha majani machache jioni, na alipata masaa mawili ao matatu ya usingizi. «Alikuwa anasema na muti ule,» mama akasema, «sawa vile alikuwa anasema na wanafunzi.»

Hatujue kama ni majani yenye yalimulaza, ao ni kule kuwa na kitu cha kutunza. Mama naye hakusema ajue.

Lakini tulijua jambo lingine, na linatuuma. Iko dawa ya maumivu ya kansa yenye nguvu na bei yake si kubwa. Ni mofini ya kunywa. Kampala si mbali. Kule, tangu mwaka 1993, nyumba yenye jina Hospice Africa Uganda inatengeneza mofini ya maji na kuipeleka kwa wagonjwa nyumbani, na toka mwaka 2004 wauguzi wenye kufundishwa wana ruhusa ya kuiandika. Mofini hutoka ku afiyuni, na afiyuni iko katika mapatano yale yale ya mwaka 1961 yenye bangi. Watu wanasahau kama mapatano hayo, ku mwanzo wake kabisa, yanasema vitu hivyo ni vya lazima ili kupunguza maumivu ya watu. Sisi tulichukua katazo tukaacha maneno ya mwanzo. Na tuangalie namna wanafanya kule: chupa inaandikwa katika buku, jina la mugonjwa linaandikwa, mwenye kuitoa anatia saini, na kiisha siku kadhaa mutu anapita nyumbani kuuliza: ulilala? Ni kitu kikali kuliko bangi, na hakuna mwenye anakificha nyuma ya rido. Tukakumbuka mama wa mubirizi.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kama siri ya muzee ilikuwa nzuri. Siri ilimunyima kipimo, ilimunyima munganga mwenye angemwambia kama majani yanapigana na vidonge vyake, na ilimutia mama katika hatari ya kufungwa. Lakini siri hiyo hakuijenga peke yake. Ili mutu ajifiche, inapaswa kuwe watu wa kumutia haya, na sisi tulikuwa hao. Kama angetuambia, tungefanya nini? Tulijibu swali hilo mumoja mumoja, bila kudanganya. Wawili walisema wangepeleka habari kwa kasisi. Mumoja alisema angenyamaza na kuacha kuja. Wa nne alisema: «Ningemuombea kwanza, kiisha ningeuchoma.» Hakuna mwenye alisema angepanda basi kwenda kutafuta mofini.

Tulikawia kumujibu kijana. Mukutano wetu ulisimama sababu ya mambo ya mwaka 2025 yenye kila mukaaji wa Bukavu anayajua, kiisha tukakutana tena, wachache kuliko zamani. Huyu wa nne alitaka tumuandikie tu kama baba yake angecheka. Ilikuwa rahisi, na pengine ni kweli, sababu muzee alipenda kucheka. Mama alikataa. Alisema mutoto yuko na haki ya kujua.

Basi tuliandika. Tulimuambia kama kabati yake haitusumbue, maadamu munganga anaijua na bibi yake pia anaijua. Afunge na ufunguo, sababu iko na watoto wadogo wenye wanaweka kila kitu mudomoni. Asigawie marafiki wa Gatineau. Aangalie kuvu. Siku mugongo ukipona, asitafute maumivu mengine ili aendelee. Na kama usiku ni murefu sana, apigie mutu simu, hata sisi, masaa hayatuzuie. Huku kunakuwa kumekucha wakati kwake kungali usiku.

Kiisha tukamuandikia habari ya bidoni, ya rido na ya kile kitambaa chenye kilifunga muti. Tukaandika kama tuliuchoma, kama tulikuwa wanne, na majina yetu yote. Mistari hiyo ilikuwa sita tu, na ilituchukua jioni mbili.